Njiwa wawili wanatosha

Tumo katika Majilio na Krismasi inabisha hodi. Najua wengi mnaosoma safu hii mnahesabu siku za likizo. Wengine mmeshakata tiketi za basi, wengine mtapanda treni ya kutoka Tabora hadi Mpanda. Na wale wa kwetu mtaendelea mbele, mtapita Sitalike, mtakatiza Hifadhi ya Taifa ya Katavi huku watoto wakichungulia dirishani kutafuta viboko, mpaka mtokeze Kibaoni, katika bonde la Ziwa Rukwa.

Jumapili za Majilio watumishi wa Mungu hutuhimiza juu ya toba, sala na kumwandalia Bwana njia. Leo nami nataka kuhimiza toba, lakini naomba nianzie shambani, kwenye mpunga.

Kibaoni ni kijiji cha Halmashauri ya Mpimbwe, wilayani Mlele, mkoani Katavi. Wengi wanakijua kwa sababu ni nyumbani kwa Waziri Mkuu mstaafu Mizengo Pinda, aliyeshika wadhifa huo kuanzia 2008 hadi 2015 na kupenda kujiita mtoto wa mkulima. Jina hilo lingetufaa wote wa kule, maana sote ni watoto wa wakulima. Tunalima mahindi na mpunga, na maisha ya nyumba zetu yanakwenda kwa kalenda ya mvua.

Hapo ndipo penye jambo ninalotaka tulitafakari. Wamisionari waliotuletea Injili walitoka katika nchi ambako Krismasi huja baada ya mavuno. Desemba yao ni baridi, kazi za shamba zimesimama, ghala limejaa. Kwetu ni kinyume. Mvua huanza Novemba. Desemba mtu yuko shambani tangu alfajiri, amelowa, mgongo unauma. Mahindi ya mwaka jana yamefika chini ya kihenge. Mpunga tutakaovuna Mei na Juni bado ni mbegu au miche. Sikukuu kubwa kuliko zote inatukuta mfuko umekauka, na nyuma yake inakuja Januari na madaftari, viatu na sare za shule.

Katikati ya ukata huo anatokea mtu mwenye fedha. Anakuja jioni, anaketi, anaulizia afya za watoto, kisha anasema kwa upole: "Ndugu yangu, kama una shida ya sikukuu, nakupa hela leo. Utanilipa mpunga ukivuna."

Nilivyouza mpunga ambao haujaota

Sitamsema mtu mwingine. Nitajisema mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita, wiki moja kabla ya Krismasi, niliuza magunia matatu ya mpunga kwa mtu wa namna hiyo. Nasema niliuza, lakini shamba lenyewe lilikuwa maji na matope tu. Alinipa shilingi 30,000 kwa kila gunia. Nikapokea 90,000 mkononi, nikajiona mwanamume. Nikanunua nguo za watoto wanne, kitenge cha mama yao, mchele, kuku wawili na kreti ya soda. Kilichobaki kilikwenda mahali ambapo wanaume wengi tunakijua kinakokwenda mchana wa tarehe 25.

Mke wangu aliniuliza fedha nimetoa wapi. Nikamjibu kwamba Mungu hamtupi mja wake. Jibu lilikuwa la kidini, lakini lilikuwa uongo.

Mwezi wa sita tukavuna magunia kumi. Mwenye fedha alikuja na mkokoteni wake mpaka kwenye uwanja wa kupuria, akachukua matatu yake. Siku hiyo gunia la mpunga lilikuwa limefika 70,000. Nilikuwa nimekopa 90,000, nikalipa mali ya 210,000. Krismasi ile ilinigharimu 120,000 zaidi ya nilichokula. Mjini mikopo ya namna hii mnaiita kausha damu. Kijijini haina jina la kutisha, inaitwa tu msaada.

Jioni mke wangu alihesabu magunia sebuleni, akahesabu tena. Akaniuliza, bila kupandisha sauti: "Baba watoto, mengine yako wapi?" Nilipomweleza hakulia wala hakugomba. Alisema neno moja tu: "Yaani mimi nilikuwa napalilia mpunga wa mtu." Miezi mitano alikuwa ameinama kwenye majaruba, mtoto mgongoni, akipalilia, akifukuza ndege, akidhani analisha watoto wake.

Msomaji wangu, nimesikiliza mahubiri mengi ya Krismasi. Hakuna lililonichoma kama maneno yale.

Familia takatifu haikukopa mwana-kondoo

Baada ya siku hiyo nilianza kusoma upya simulizi ya kuzaliwa kwa Bwana, nikakutana na kitu ambacho nilikuwa nakipita kila mwaka. Fungua Luka 2:22-24. Yusufu na Maria wanampeleka mtoto hekaluni Yerusalemu na kutoa sadaka ya ndege wawili. Kwa nini ndege? Rudi nyuma kwenye Walawi 12. Sheria ilitaka mama aliyejifungua alete mwana-kondoo wa mwaka mmoja pamoja na ndege mmoja. Lakini mwisho wa sura hiyo kuna mlango kwa maskini. Kama mama hana uwezo wa mwana-kondoo, basi alete ndege wawili, na itatosha.

Umeona hapo? Siku ile pale hekaluni, mbele ya watu, wazazi wa Yesu walitoa sadaka ya maskini. Kila aliyekuwa karibu aliona na alijua maana yake. Yusufu alikuwa na sababu zote za kuona aibu. Huyu si mtoto wa kawaida, malaika wameimba, wachungaji wamekuja usiku. Angeweza kujiambia kwamba mtoto kama huyu hawezi kutolewa kwa njiwa. Angeweza kumwendea mwenye fedha na kuweka rehani kazi ya mikono yake ya miezi sita ijayo. Hakufanya hivyo. Alitoa kile alichokuwa nacho, na Mungu aliyekuwa mikononi mwa Maria alikipokea.

Basi mimi ni nani hata Krismasi yangu idai mwana-kondoo wakati ya kwake ilitosheka na njiwa?

Tunasema tunafanya kwa ajili ya watoto. Ni kweli, mtoto akikosa nguo mpya siku ya Krismasi wenzake watamcheka, na moyo wa mzazi utaumia. Silidharau jambo hilo. Lakini tuseme kweli: mara nyingi aibu tunayoikimbia ni yetu sisi wakubwa. Mtoto anaweza kuelezwa akaelewa. Mtoto hataelewa Machi, uji wa asubuhi unapokatika kwa sababu hela ya palizi haipo na baba amekwenda kukopa tena.

Aliyeona kwamba divai imeisha

Kosa langu la kwanza halikuwa kukopa. Lilikuwa kukopa kwa siri. Katika harusi ya Kana, Yohana 2, aliyegundua mapema kwamba divai imeisha alikuwa Maria, mama. Bwana harusi hana habari. Msimamizi wa karamu hana habari. Mama ameona, na amekwenda kusema mahali panapostahili.

Ndivyo ilivyo nyumbani. Anayechota unga kihengeni ndiye anayejua umebaki wa siku ngapi. Mwanamume mwenzangu, unapofanya maamuzi ya sikukuu bila kumshirikisha mama wa nyumba, unamfunga mdomo yule ambaye angekwambia mapema kwamba divai inakwisha. Tunapenda kunukuu maandiko yanayosema mume ni kichwa. Kichwa kisichosikia mwili kina njaa ni kichwa cha aina gani?

Fanyeni jambo moja kabla ya wiki hii kwisha. Jioni mkiwa mnasubiri ugali, kabla au baada ya sala, kaeni na watoto wenye umri wa kuelewa, mseme wazi: mwaka huu tuna kiasi hiki, tunaweza hiki, hatuwezi kile. Hiyo nayo ni ibada, maana kusema kweli mbele ya watu wa nyumba yako ni kumwandalia Bwana njia. Na mkiwa na deni ambalo mwenzako halijui, hiyo ndiyo jioni ya kulitaja. Nakuhakikishia litauma. Lakini litauma kidogo kuliko siku ya kuhesabu magunia.

Kwako wewe mwenye fedha

Sasa niseme na upande wa pili, maana anayekopesha mpunga mchanga si mpagani. Mara nyingi ni Mkristo mwenzetu. Anakaa benchi la mbele, anatoa sadaka nene, jina lake linatajwa kwenye matangazo.

Jambo hili haliko Mpimbwe peke yake. Kagera kuna butura, kununua kahawa ya mkulima ikiwa bado mtini, na Serikali imeipiga vita mara nyingi. Kusini kwenye korosho kuna kangomba. Majina ni tofauti, njaa ni ile ile. Na jambo hili si la leo. Soma Nehemia sura ya 5. Watu walimlilia Nehemia kwamba wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba zao ili wapate nafaka wakati wa njaa, na baadhi yao watoto wao walikuwa wanakwenda utumwani. Aliyewafanyia hayo hakuwa adui kutoka nje. Walikuwa ndugu zao, Wayahudi wenzao, watu wa ukuta mmoja waliokuwa wanaujenga pamoja. Nehemia alikasirika sana. Lakini hakuishia kwenye hasira. Aliwaita wakubwa mbele ya mkutano, akawataka warudishe mashamba na waache riba, nao wakakubali.

Najua utaniambia: "Mimi pia nabeba hatari. Mvua ikikatika, mpunga ukikauka, hela yangu imekwenda." Ni hoja ya haki, siidharau. Mkulima anapokosa, na mkopeshaji anakosa. Lakini kama shida ni hatari, iko njia. Ukimpa mtu 30,000 Desemba, Juni chukua mpunga wa thamani ya hela yako kwa bei ya siku ile, pamoja na kitu kidogo cha kukushukuru kama mtakavyopatana mchana kweupe, mke wa nyumba akiwepo. Usichukue gunia zima la 70,000 halafu ukaleta sadaka ya shukrani kwamba Bwana amekubariki. Mungu anajua hilo gunia limetoka kwenye chungu cha nani.

Kama una majina kwenye daftari lako mwaka huu, nakusihi ulipitie kabla ya mkesha. Huenda zawadi kubwa ya Krismasi utakayoitoa maishani mwako ni mstari mmoja wa kalamu.

Kwetu sisi kanisani

Viongozi wangu wa dini mnisamehe, lakini sisi pia tuna sehemu yetu. Desemba ndiyo miezi yote ya michango imejikusanya: sare mpya ya kwaya, kitenge cha akina mama, ahadi ya ujenzi ambayo haijamalizika, zawadi, sadaka maalumu ya sikukuu. Kila moja ina sababu njema. Lakini nimewahi kumuona mama mmoja jirani akibaki nyumbani siku ya Krismasi, mzima wa afya, kwa sababu wenzake wote walikuwa wamevaa kitenge cha kikundi na yeye alishindwa kukinunua. Alikuwa anaimba sauti ya kwanza. Siku ile aliimba jikoni kwake.

Sheria ya Musa, tunayoiona ngumu, ilimwachia maskini mlango wa njiwa wawili. Je, katika jumuiya zetu, katika kwaya na vikundi vyetu, mlango huo upo? Mtu anaweza kusema sina, na bado akasimama mstari wa mbele akaimba?

Imani ya siku zisizo sikukuu

Katika mkoa wetu huu wa Katavi, kando ya Ziwa Tanganyika, kuna mahali panaitwa Karema, ambako Mapadre Weupe walifika 1885. Miaka minne baadaye, 1889, alikuja hapo kijana mmoja anayeitwa Adrian Atiman. Alizaliwa mbali sana, karibu na Mto Niger, akatekwa utotoni na kuuzwa utumwani. Wamisionari walimkomboa huko Algeria, baadaye akasomea uganga huko Malta. Alipofika Karema alikuwa daktari na katekista, akaoa hapo, akapata mtoto ambaye baadaye alikuwa padri. Alitibu watu wa nchi ile mpaka alipofariki 1956. Piga hesabu, msomaji: miaka 67.

Namtaja kwa sababu mtu huyu alikuwa na kila sababu ya kudai. Utoto wake ulitiwa bei na wengine. Lakini miaka ile 67 haikujengwa na sikukuu. Ilijengwa na Jumatatu na Jumanne: kuosha kidonda, kufundisha katekisimu, kurudi nyumbani kwa mke na mtoto. Krismasi alizosherehekea hatuzijui zilivyokuwa. Kilichobaki Karema ni siku zake za kawaida.

Na watoto wetu ndivyo watakavyotukumbuka. Watasahau shati la mwaka fulani. Hawatasahau kama baba alikuwepo mchana wa Krismasi au alirudi usiku akibebwa. Hawatasahau kama kulikuwa na sala kabla ya kula, wala kama mama alicheka.

Gunia moja

Nisikuache bila njia. Mwaka uliofuata, tulipovuna, mke wangu alifunga gunia moja akaliweka pembeni. Akasema hili halina ruhusa ya kuguswa na mtu yeyote, hata mimi mwenyewe, mpaka Desemba. Watoto wakaliita gunia la Krismasi. Sasa ni desturi ya nyumba.

Angalia ajabu yake. Ile kalenda iliyonipiga mimi nilipouza mapema, ndiyo inayotusaidia tunapongoja. Juni mpunga umejaa kila nyumba na bei iko chini. Desemba umeadimika na bei imepanda. Tunakoboa sehemu ya gunia kwa chakula cha sikukuu. Sehemu tunauza, na hela hiyo inanunua madaftari. Nguo mpya ni kwa zamu: mwaka huu wawili, mwakani wengine wawili, na wanaongoja wanajua zamu yao iko lini. Na debe moja ni la nje. Linapelekwa kwa mjane au kwa jirani ambaye msimu umemkatalia, tena linapelekwa na watoto, kabla ya sufuria yetu haijabandikwa.

Hilo la mwisho nalo ni la Nehemia. Sura ya 8, baada ya watu kusikia Torati na kulia, waliambiwa waende wakale na kunywa, na wawapelekee mafungu wale ambao hawakuandaliwa kitu. Ona mpangilio wa kitabu hicho: madeni yalishughulikiwa sura ya 5, karamu ikaja sura ya 8. Sisi tunapenda kuanza na karamu, na madeni tunayaachia mwezi wa sita.

Kama Juni ilikupita na huna gunia pembeni, mwaka huu kula njiwa wako wawili kwa amani. Ugali na maharage yaliyoungwa vizuri, familia yote mezani, baba akiwepo, ni Krismasi kamili. Mbinguni hakuna anayehesabu kuku.

Na wewe unayekuja kutoka Dar es Salaam, Mwanza au Mbeya na begi la nguo, ukifika nyumbani usianze kuulizia kuku. Keti na kaka yako au shemeji yako chini ya mwembe, muulize kwa heshima: "Mpunga wa mwaka huu ni wetu, au umeshauzwa?" Kama umeuzwa, huenda hela uliyotenga kwa vinywaji inatosha kuukomboa angalau gunia moja. Hutapigwa picha ukifanya hivyo. Lakini kuna mama ambaye, Februari akiwa ameinama kwenye jaruba, atajua kwamba anapalilia mpunga wa watoto wake.

Kibao cha njiani hakifiki kule kinakoelekeza, kazi yake ni kuonyesha njia tu. Mimi niliyeandika haya nimeanguka mahali hapo hapo ninapokuonya. Wewe pita salama.

Nakutakia Jumapili njema na maandalizi mema ya Krismasi. Mungu aibariki nyumba yako. Amina.